Kiungulia si vidonda vya tumbo: Jinsi ya kukitambua, kukidhibiti na kujua hatari yake

KIUNGULIA ni mojawapo ya maradhi yanayodharauliwa mno na wakazi wa Voi na kaunti nzima ya Taita Taveta, kama ilivyo kwingineko nchini. Mtu akihisi mwako kifuani baada ya mlo, husema kwamba ana "asidi" au "vidonda vya tumbo", hununua vidonge dukani, kisha huendelea na shughuli zake hadi mwako huo urejee.

Wengi wa watu hao hawadhuriki sana, kwa kuwa kiungulia cha mara moja moja si ugonjwa. Hata hivyo, tatizo huzuka pale ambapo jina moja hutumiwa kueleza maradhi matatu au manne yaliyo tofauti kabisa. Kiungulia, vidonda vya tumbo, ugonjwa wa moyo na saratani ya umio vyote vyaweza kumfanya mgonjwa ashike kifua na kulalamika. Tiba ya kimoja si tiba ya kingine, na kuchelewa kuvitofautisha kumewagharimu watu maisha yao.

Makala haya yanaeleza jinsi kiungulia kinavyotokea, namna ya kukidhibiti kwa gharama ndogo nyumbani, na dalili ambazo hazipaswi kusubiri hata wiki moja zaidi.

Kiini cha tatizo ni kilango

Chakula kikimezwa hupitia katika umio, mrija wenye urefu wa takriban sentimita 25 unaounganisha koo na tumbo. Mwishoni mwa mrija huo pana msuli wa mviringo unaofanya kazi kama kilango. Kilango hicho hufunguka ili chakula kipite, kisha hujifunga barabara. Msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ambao pia hutusaidia kupumua, hukibana kilango hicho kwa nje na kukiongezea nguvu.

Tumboni mna asidi, au tindikali, yenye ukali mwingi. Kazi yake ni kuvunjavunja chakula na kuua baadhi ya vijidudu. Kuta za tumbo zimefunikwa kwa ute mzito unaozikinga. Umio hauna kinga ya kiasi hicho. Kwa hivyo kilango kikilegea au kikifunguka wakati usiofaa, asidi hupanda na kuuchoma umio.

Hapo ndipo mtu anapohisi mwako nyuma ya mfupa wa kifua, mwako unaopanda kuelekea kooni. Pengine hucheua maji machachu au machungu hadi kinywani. Hali hii huzidi anapolala chali, anapoinama au anaposhiba kupita kiasi. Kuna wagonjwa wengine wasiohisi mwako wowote, bali huwa na kikohozi kikavu cha usiku, sauti ya kukwaruza asubuhi, au hisia ya kitu kilichokwama kooni.

Kiungulia kikimrudia mtu mara mbili au zaidi kwa wiki, au kikimkatizia usingizi, madaktari hukihesabu kuwa ugonjwa unaohitaji kushughulikiwa. Asidi ikiendelea kuuchoma umio kwa miaka mingi, yaweza kusababisha vidonda ndani ya mrija huo, makovu yanayoufanya uwe mwembamba, na hata mabadiliko ya chembechembe ambayo kwa watu wachache huishia kuwa saratani.

Tofauti yake na vidonda vya tumbo

Vidonda vya tumbo hutokea katika ukuta wa tumbo lenyewe au mwanzoni mwa utumbo mdogo. Maumivu yake kwa kawaida huwa sehemu ya juu ya tumbo, chini ya kifua, na aghalabu hufuata ratiba ya njaa na shibe.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba vidonda hivyo huletwa na mawazo mengi na pilipili. Imani hiyo ilivunjwa na madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waliogundua katika miaka ya 1980 kwamba chanzo kikuu ni bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2005. Chanzo cha pili ni dawa za kutuliza maumivu kama vile aspirini, ibuprofen na diclofenac, hasa zinapotumiwa kwa muda mrefu.

Vidonda vya bakteria hutibiwa kwa mseto wa viuavijasumu pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida kwa siku 14. Mseto huo hauwezi kukaza kilango kilicholegea. Ndiyo maana mwenye kiungulia aliyepewa dawa za "kuua bakteria" mara mbili au tatu hushangaa kuona mwako uko palepale.

Isitoshe, kipimo cha damu kinachofanywa haraka kwa ajili ya bakteria huyo huonyesha tu kwamba mwili uliwahi kukutana naye. Hakiwezi kuthibitisha kwamba bado yumo tumboni. Vipimo vinavyoaminika zaidi ni vya choo au vya pumzi. Ni haki ya mgonjwa kuuliza amepimwa kwa njia gani kabla ya kulipia dawa.

Mazoea ya barabarani, shambani na nyumbani

Voi ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi hupitia hapo, na nyingine huchepuka kuelekea Mwatate na Taveta hadi mpaka wa Tanzania. Madereva wa malori husimama Voi na Maungu usiku, hula mlo mzito wa nyama, chapati au chipsi, kisha hujinyoosha ndani ya gari na kulala papo hapo.

Hayo ndiyo mazingira yanayokipendelea kiungulia. Tumbo lililojaa husukuma kilango kutoka chini, na vyakula vya mafuta mengi hukaa tumboni kwa muda mrefu zaidi. Mtu anapolala, asidi haihitaji tena kupanda mlima, hutiririka tu.

Aidha, wengi wa wasafiri hao huvuta sigara, jambo linalolegeza kilango. Wengine hutafuna miraa au muguka ili wasisinzie. Mnamo Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza marufuku dhidi ya muguka, hatua zilizozua mvutano wa kisiasa na kesi mahakamani. Kando na mjadala huo, mtafunaji hukosa hamu ya kula mchana kutwa, hunywa soda mfululizo, kisha hula mlo mmoja mkubwa usiku wa manane. Mwenendo huo pekee watosha kumletea kiungulia.

Kwa mkulima wa milima ya Taita au kibarua wa mashamba ya mkonge, tatizo laweza kuwa kuinama mara tu baada ya kula. Kuinama hukunja tumbo na kusukuma asidi juu. Kupumzika kwa kukaa wima kwa nusu saa au zaidi, na kuchutama badala ya kupinda mgongo, hupunguza adha hiyo.

Kuna pia suala la dawa za maumivu. Mtu anayefanya kazi ya sulubu huumwa mgongo na magoti, na vidonge vya diclofenac au ibuprofen hupatikana kwa urahisi. Dawa hizo huchokoza tumbo na umio. Mwenye kiungulia cha mara kwa mara hafai kuzimeza kila siku bila ushauri wa daktari.

Nyumbani, leso inayofungwa kwa kukazwa kiunoni hufanya kazi sawa na mshipi unaobana. Wakati wa Ramadhani, kuna wanaofuturu kwa shibe kubwa kisha hula daku na kurudi kitandani mara moja. Kuanza futari kwa kiasi kidogo, na kula daku mapema kidogo ili kuwepo muda wa kukaa kabla ya kulala, kutawapunguzia wengi mateso.

Vyakula: Kila mtu na tumbo lake

Watu wengi hupewa orodha ndefu ya vyakula walivyokatazwa hadi wakabaki na uji mtupu. Hakuna haja ya kufika huko. Vyakula vinavyolalamikiwa mara nyingi ni vya kukaangwa, pilipili, nyanya, vitunguu vibichi, machungwa na ndimu, chokoleti, kahawa, soda na pombe, iwe bia ya chupa au mbangara. Hata hivyo, si vyote vinavyomdhuru kila mtu.

Njia ya busara ni kuweka daftari kwa wiki mbili. Andika ulichokula, saa uliyokula, na iwapo uliungua. Kinachojirudia ndicho cha kupunguza. Mtu aweza kugundua kwamba kimanga, ule mseto wa kupondwa wa maharagwe pamoja na mihogo, viazi au ndizi, hakimdhuru akila sahani ndogo jioni, lakini humsumbua akila sahani mbili saa nne usiku. Hapo mwenye makosa si kimanga, bali ni kiasi na wakati.

Maziwa huleta nafuu ya muda mfupi, kisha protini na mafuta yake huchochea tumbo kutoa asidi zaidi. Kulamba magadi au kuyakoroga katika maji pia si tiba ya kutegemewa. Magadi na poda za kutoa povu kama Eno huwa na chumvi ya sodiamu. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa figo au wa moyo anayetumia vitu hivyo kila siku hujiongezea hatari nyingine.

Hatua zisizohitaji fedha nyingi

Miongoni mwa mambo yenye manufaa makubwa zaidi, haya yafaa kutangulia dawa au kuandamana nazo.

Kwanza, acha muda wa saa tatu kati ya chakula cha jioni na kulala. Anayelala saa nne usiku na ale kufikia saa moja.

Pili, inua upande wa kichwa wa kitanda kwa sentimita 15 hadi 20. Matofali au vipande imara vya mbao chini ya miguu miwili ya kitanda vyatosha. Kurundika mito hakusaidii, kwa sababu hukunja mwili kiunoni na kulibana tumbo.

Tatu, lalia ubavu wa kushoto. Kutokana na umbo la tumbo, asidi hubaki chini ya kilango mtu anapolala upande huo, na ile iliyopanda hurudi upesi.

Nne, kwa mtu mnene, kupunguza uzani ni tiba yenyewe. Mafuta ya tumboni hulisukuma tumbo juu mchana na usiku.

Tano, acha sigara, punguza pombe, na ule milo midogo badala ya mmoja mkubwa.

Dawa na jinsi ya kuzitumia

Dawa za kiungulia zimegawanyika katika makundi matatu makuu. Kundi la kwanza ni zile za kuzimua asidi, ambazo huuzwa kama maji mazito au vidonge vya kutafuna. Hufanya kazi kwa dakika chache na nafuu yake haidumu. Zenye magnesiamu zaweza kuharisha, na zenye alumini zaweza kufunga choo.

Kuna tahadhari moja isiyotajwa vya kutosha. Dawa hizo zenye magnesiamu au alumini huzuia mwili kufyonza dolutegravir, dawa iliyomo katika tembe wanazotumia wengi wa wanaoishi na virusi vya Ukimwi nchini. Anayetumia tembe hizo anashauriwa kuzimeza saa mbili kabla ya dawa ya kuzimua asidi au saa sita baada yake. Vilevile, dawa za kuzimua asidi hupunguza ufyonzaji wa vidonge vya kuongeza damu na baadhi ya viuavijasumu.

Kundi la pili hupunguza utengenezaji wa asidi kwa saa kadhaa. Famotidine imo katika kundi hili. Ranitidine, iliyokuwa maarufu sana, iliagizwa iondolewe madukani nchini Marekani mnamo Aprili 2020 baada ya kubainika kwamba yaweza kuwa na kemikali inayohusishwa na saratani. Mwenye akiba ya zamani ya vidonge hivyo nyumbani asivitumie, bali amwone mfamasia.

Kundi la tatu ndilo lenye nguvu zaidi, nalo lina omeprazole, esomeprazole na pantoprazole. Kosa la kawaida ni kuzimeza baada ya kula au wakati mwako umeshaanza. Dawa hizi hufanya kazi vizuri zaidi zikimezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa, kila siku, kwa muda ambao daktari ameagiza. Kipindi cha kawaida cha kuanzia ni wiki nane au chini ya hapo.

Anayeziacha ghafla baada ya miezi mingi aweza kuungua zaidi kwa siku au wiki kadhaa, kwa kuwa tumbo hulipiza kwa kutoa asidi nyingi. Hiyo si ishara kwamba lazima azitumie milele. Daktari aweza kumpunguzia polepole. Kuna wagonjwa, hata hivyo, wanaozihitaji kwa muda mrefu, na hao hawapaswi kuziacha kwa kusikia uvumi.

Wajawazito na watoto wachanga

Kiungulia huwapata wajawazito wengi. Homoni za ujauzito hulegeza kilango, na kadiri mtoto anavyokua ndivyo tumbo linavyosukumwa juu. Milo midogo na kulala kwa kuinua kifua hutosha kwa wengi, na dawa za kuzimua asidi zenye kalsiamu kwa kawaida huwa salama. Mama asijinunulie dawa nyingine bila kuuliza kliniki. Hata hivyo, maumivu makali ya juu ya tumbo yakiandamana na kichwa kuuma, macho kuona ukungu au mwili kuvimba si kiungulia; yaweza kuwa shinikizo la damu la ujauzito, na mama afikishwe hospitalini mara moja.

Mtoto mchanga anayecheua maziwa lakini anaongeza uzani na kuchangamka hana ugonjwa. Akitapika kwa nguvu kila mara, akitapika rangi ya kijani au damu, au akikosa kukua, apelekwe hospitalini.

Dalili zisizopaswa kusubiri

Hapa ndipo msomaji anapaswa kuwa makini zaidi. Chakula kikianza kukwama, kwanza ugali, kisha wali, hatimaye hata uji, hicho si kiungulia cha kawaida.

Kenya imo katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambako saratani ya umio hutokea kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Aina inayowapata wengi hapa kwetu haitokani na asidi. Inahusishwa na mambo kama pombe, tumbaku na vinywaji vya moto sana. Mwaka wa 2016, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 huenda husababisha saratani hiyo. Hakuna anayekatazwa chai. Anachoombwa ni kuiacha ipoe kidogo.

Mgonjwa wa aina hii akimeza vidonge vya asidi kwa miezi sita, hupoteza wakati ambao ungemwezesha kufanyiwa upasuaji. Wengi hufika hospitalini wakiwa hawawezi kumeza hata maji.

Dalili nyingine za kumpeleka mtu kwa daktari bila kukawia ni maumivu wakati wa kumeza, kupungua uzani bila sababu, kutapika damu au kitu kama kahawa iliyosagwa, choo cheusi kama lami, upungufu wa damu na kutapika kusikokoma. Vivyo hivyo kwa kiungulia kinachoanza kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 55 hivi, na kile ambacho hakikutulia baada ya wiki nane za dawa zilizotumiwa ipasavyo.

Maumivu ya kifua yanayobana kama uzito, yanayosambaa hadi mkono, shingo au taya, yakiandamana na jasho na kukosa pumzi, yachukuliwe kuwa ya moyo. Asiyajaribie dawa ya kiungulia; aende hospitalini saa hiyo hiyo.

Pa kuanzia

Mkazi wa Taita Taveta aweza kuanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya bima ya NHIF, na huduma za msingi katika vituo hivyo zinalipiwa na hazina maalumu kwa waliojisajili. Zaidi ya hapo kuna hospitali za Wesu, Mwatate na Taveta, pamoja na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi.

Daktari akiona haja, ataagiza kipimo cha kamera, yaani mrija mwembamba unaopitishwa kinywani ili kutazama ndani ya umio na tumbo. Huenda mgonjwa akatumwa Mombasa katika Hospitali Kuu ya Pwani kwa uchunguzi zaidi. Kipimo hicho huchukua dakika chache na mgonjwa hupewa dawa ya kumtuliza au ya kuganzisha koo. Si cha kuogopwa.

Anayekwenda kumwona daktari abebe daftari lake la vyakula na pakiti za dawa zote alizowahi kutumia, zikiwemo za mitishamba. Aeleze waziwazi kuhusu pombe, sigara na muguka, kwani daktari haulizi ili amhukumu. Zaidi ya yote, aseme iwapo kuna chakula kinachomkwama. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kilio humfichua.